Budapest wakati wa baridi: mwongozo wa siku tatu, hatua kwa hatua

Chini ya mitaa ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kuna chemchemi zaidi ya 100 za maji ya moto. Pale Széchenyi, hamamu (nyumba ya kuogea) kubwa kuliko zote mjini, maji hutoka ardhini yakiwa na nyuzijoto zaidi ya 70, kisha hupozwa ndipo watu waingie. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuupendekeza mji huu kwa mtu wetu anayetaka kuonja majira ya baridi ya Ulaya kwa mara ya kwanza. Baridi ipo, tena ya kweli, lakini hukai nayo kutwa nzima. Kila baada ya saa chache kuna hamamu, kuna mkahawa mkongwe wenye dari za dhahabu, kuna tramu yenye joto inayopita kando ya mto.

Siku tatu kamili zinatosha. Shika jambo moja tu: panga siku kwa kufuata mwanga na joto. Mwanga ni haba, utumie vilimani. Giza likiingia, shuka mtoni. Vidole vikianza kufa ganzi, ingia majini. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kanuni hiyo.

Hatua ya 1: Chagua tarehe

Wengi hukimbilia Desemba kwa ajili ya masoko ya Krismasi. Makubwa ni mawili: la uwanja wa Vörösmarty na la mbele ya Kanisa la Mtakatifu Stefano. Huanza katikati ya Novemba na kuendelea hadi karibu na mwaka mpya. Yanapendeza, hasa yale maonyesho ya taa yanayorushwa kwenye ukuta wa kanisa, lakini mwisho wa wiki hapapitiki, na bei za vyumba hupanda. Ukiyataka, nenda mwanzoni mwa Desemba, kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Mimi ningechagua mwisho wa Januari au Februari. Mabanda ya Krismasi yameshaondolewa, wageni wamepungua, vyumba vimeshuka bei, na mvuke wa mabwawa ya nje unapendeza kuliko wakati wowote kwa sababu hewa ni baridi zaidi. Wastani wa joto la Januari huzunguka sifuri. Theluji haina ahadi: unaweza kuipata ikiwa imefunika mji mzima, au ukapata siku tatu za mawingu ya kijivu na ukungu juu ya mto. Mji huu unapendeza hata kwa ukungu, kwa hiyo usifungie furaha yako kwenye theluji.

Zikwepe tarehe 24 hadi 26 Desemba kama huna mwenyeji. Kwa Wahungaria, Krismasi yenyewe ni jioni ya tarehe 24, nayo ni ya nyumbani. Maduka hufungwa mchana, na kuanzia alasiri, karibu saa kumi, tramu na treni za chini ya ardhi huanza kusimama. Mgeni asiyejua hujikuta barabarani, baridi imekolea, na hakuna hata mgahawa wa kuingia.

Hatua ya 2: Maliza mambo ya viza mapema

Hungaria iko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, inayoruhusu siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla, lakini usingoje hizo siku 15. Miezi miwili au mitatu ndiyo inayokupa usingizi. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Hungaria ina ubalozi Nairobi.

Ukiishi Ujerumani, Uholanzi, Sweden au nchi nyingine ya Schengen na una kibali halali cha ukaazi, huhitaji viza tena. Beba pasipoti na kadi ya ukaazi, zote mbili. Ndugu walioko Uingereza wasichanganyikiwe hapa: kibali cha kuishi London hakikuingizi Schengen. Kama bado unatumia pasipoti ya nyumbani, omba viza.

Walioko Vienna wana bahati, kwani treni ya moja kwa moja hadi kituo cha Keleti huchukua chini ya saa tatu.

Hatua ya 3: Funga mizigo kwa ajili ya baridi na maji kwa pamoja

Koti zito peke yake halitoshi. Kinachokinga baridi ni tabaka: nguo nyembamba ya kubana mwili, juu yake sweta ya sufu, kisha koti lisilopitisha upepo. Upepo wa mtoni ndio adui hasa. Kofia ya kufunika masikio, glavu, skafu, na viatu vyenye soli nene isiyoteleza, maana mawe ya mitaa ya zamani huwa na utelezi asubuhi. Raba za kitambaa ziache nyumbani. Zikilowa mara moja, siku imeharibika.

Upande wa maji: nguo ya kuogelea, ndala, taulo, na mfuko wa plastiki wa kubebea vitu vilivyoloa. Vyote hivi huuzwa au hukodishwa hamamuni, ila kwa bei ya mgeni. Mwenye nywele za kusuka au za asili achukue kofia ya kuogelea inayomtosha pamoja na kofia ya sufu ya kuvaa akitoka, kwa sababu nywele zilizoloa kwenye nyuzi sifuri ni maradhi. Ngozi yetu hukauka haraka huko. Beba mafuta mazito ya kupaka, na kama unatumia mafuta ya nazi, jua kwamba yataganda ndani ya chupa. Yaweke kwenye kopo la mdomo mpana uyachote kwa kidole.

Hatua ya 4: Lala upande wa Pest, fika mjini kwa basi

Mji huu ulikuwa miji mitatu, Buda, Óbuda na Pest, iliyounganishwa mwaka 1873. Buda ni vilima na ngome, magharibi mwa mto Danube. Pest ni tambarare, mashariki. Lala Pest, karibu na uwanja wa Deák Ferenc tér, ambapo njia tatu kati ya nne za treni za chini ya ardhi hukutana, au kando ya barabara ya Andrássy. Buda inavutia kwa macho, lakini usiku hupooza, na kupanda kilima ukiwa na njaa na baridi hakufai.

Kutoka uwanja wa ndege wa Ferenc Liszt, panda basi la 100E linalokwenda moja kwa moja hadi Deák Ferenc tér. Tiketi yake ni ya pekee. Tiketi ya kawaida ya mji haifai humo. Baada ya hapo nunua tiketi ya saa 72, inayofaa kwa tramu, mabasi na treni za chini ya ardhi, au uinunue kwenye simu kwa programu ya BudapestGO. Ukinunua tiketi moja moja za karatasi, zigonge kwenye mashine kabla ya kusafiri. Wakaguzi wapo kila siku, na neno "sikujua" halisaidii.

Fedha ni forinti, siyo euro. Baadhi ya maduka hupokea euro, lakini kwa kiwango kibaya. Toa fedha kwenye mashine ya benki halisi, iliyo ukutani mwa benki, siyo zile zilizosimamishwa peke yake kwenye mitaa ya watalii. Mashine ikikuuliza kama ikukate kwa fedha ya nchi yako au kwa forinti, chagua forinti kila mara. Hilo swali limewala watu wengi fedha zao.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, panda juu kabla jua halijazama

Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mwishoni mwa Januari unapata karibu saa nzima zaidi. Maana yake ni kwamba ukiamka saa nne umeshapoteza sehemu kubwa ya mwanga.

Asubuhi panda basi namba 16 kutoka Deák tér hadi kwenye ngome ya Buda. Anza na Halászbástya, yaani Ngome ya Wavuvi, yenye minara myeupe ya mawe iliyokamilika mwanzoni mwa karne ya 20. Sehemu kubwa yake ni bure, na kutoka hapo unaliona Bunge lote ng'ambo ya mto. Pembeni kuna Kanisa la Matthias lenye paa la vigae vya rangi; simama ulitazame taratibu, kwa sababu kwenye mawingu ya kijivu zile rangi ndizo pekee zinazowaka. Ukipata baridi, ingia Ruszwurm, duka dogo la keki lililoko hapo tangu 1827. Ni dogo kweli na foleni huwa ndefu, kwa hiyo nenda mapema.

Shuka kwa miguu hadi Daraja la Minyororo, lililofunguliwa mwaka 1849 na kuwa la kwanza la kudumu kuunganisha Buda na Pest. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja yote ya mji katika siku za mwisho za Vita vya Pili vya Dunia, na hili likajengwa upya na kufunguliwa tena 1949. Livuke polepole ikiwa upepo unaruhusu.

Hatua ya 6: Siku ya pili, jifunze kuoga hamamuni

Hapa ndipo ninapotaka uweke muda, kwa sababu ndiyo roho ya safari.

Waosmani, yaani Waturuki wa enzi hizo, walitawala Buda kuanzia 1541 hadi 1686, na walichokiacha kikubwa ni hamamu. Rudas, chini ya kilima cha Gellért, ilijengwa karne ya 16 wakati wa utawala wa Sokollu Mustafa Pasha. Ndani kuna bwawa lenye pembe nane chini ya kuba lililobebwa na nguzo nane, na mwanga huingia kupitia matundu madogo ya vioo vya rangi. Mtu wa Lamu au Unguja akiingia humo hatajiona mgeni sana, maana kuba, jiwe na maji anavijua. Rudas ina pia siku zilizotengwa kwa wanawake peke yao au wanaume peke yao katika sehemu ya Kituruki, jambo linalowafaa wengi wetu. Ratiba hubadilika, hivyo itazame kwenye tovuti yao kabla hujalipa. Sehemu yake mpya ina bwawa la juu ya paa linalotazama mto.

Széchenyi ni ya namna nyingine kabisa. Ilifunguliwa mwaka 1913 ndani ya bustani kubwa ya mji, jengo la rangi ya njano kama kasri, na uani kuna mabwawa matatu ya wazi. Bwawa la maji moto zaidi hukaribia nyuzi 38. Utawaona wazee wamezama hadi kifuani wakicheza sataranji, mvuke ukiwafunika na kuwafunua. Nenda asubuhi na mapema siku ya kazi. Mchana wa Jumamosi kelele ni nyingi kuliko maji.

Lukács, upande wa Buda, ndiko wenyeji wengi huenda. Haina mapambo mengi lakini ina utulivu. Gellért, inayoonekana kwenye picha nyingi za zamani, ilifungwa Oktoba 2025 kwa ukarabati wa miaka kadhaa, basi usidanganywe na picha.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Unaponunua tiketi utaulizwa unataka kabati au kabini. Kabati ni la kuweka nguo tu, na unabadilishia kwenye chumba cha pamoja. Kabini ni kijichumba chako chenye mlango. Chukua kabini, tofauti ya bei ni ndogo. Utapewa mkanda wa mkononi unaofungua mlango. Oga kwanza kwenye bomba, vaa ndala, kisha ingia bwawa la vuguvugu kabla ya lile la moto. Usipitishe dakika 20 ndani ya maji ya moto kwa mkupuo mmoja. Yana madini mengi na huchosha mwili bila kukupigia hodi. Toka, pumzika, kunywa maji, rudi. Kwenye bwawa la kuogelea kwa mbio kofia ni lazima. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza. Maji haya hayashauriwi kwa watoto wa chini ya miaka 14, na baadhi ya hamamu hazipokei watoto kabisa, kwa hiyo wazazi wapange zamu.

Ile hatua ya kutoka chumba cha kubadilishia hadi bwawa la nje, mwili umeloa na hewa iko sifuri, ndiyo inayowatisha watu. Ni sekunde chache. Tembea bila kukimbia, sakafu huteleza. Taulo ulitundike karibu na ngazi utakayotokea. Ukimaliza, kausha nywele kabisa, kaa ndani robo saa, kunywa chai, ndipo utoke.

Hatua ya 7: Kula kinachopasha moto

Gulyás ya Hungaria ni supu: nyama ya ng'ombe, viazi, karoti na paprika (pilipili nyekundu iliyosagwa) nyingi, huliwa na mkate. Ndiyo chakula cha mchana ninachokishauri kila siku ya baridi. Halászlé ni supu nyekundu ya samaki wa maji baridi, na mpenda pilipili ataipenda. Lángos ni ndugu wa mbali wa andazi, bapa na pana, hukaangwa papo hapo na kupakwa kitunguu saumu, krimu chachu na jibini. Kürtőskalács ni unga uliozungushwa kwenye mti, ukaokwa juu ya makaa na kuvingirishwa kwenye sukari. Nunua unaookwa mbele yako, siyo uliopoa kabatini.

Kwa asiyekula nguruwe, chunga maneno mawili kwenye menyu: *sertés* ni nyama ya nguruwe, na *zsír* ni mafuta ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Hata lángos huweza kukaangwa humo, hivyo uliza. *Marha* ni ng'ombe, *csirke* kuku, *hal* samaki. Migahawa ya Kituruki na ya Kiarabu ipo mingi Pest, hasa kando ya barabara kuu ya mzunguko. Masokoni kila mtu hushika kikombe cha *forralt bor*, divai iliyochemshwa na viungo. Asiyekunywa aombe chai ya moto au *forró csoki*, chokoleti nzito inayokaribia uji.

Kuhusu mikahawa ya kale: New York, iliyofunguliwa 1894, ni ya fahari mno, na foleni yake hula saa nzima ya mwanga wako. Naona Centrál, ya 1887, inatosha. Agiza keki ya Dobos, iliyobuniwa na mpishi József Dobos na kuoneshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya taifa mwaka 1885: tabaka nyembamba, krimu ya chokoleti, na juu sukari iliyounguzwa hadi ikawa kioo.

Hatua ya 8: Giza likiingia, shuka mtoni

Panda tramu namba 2 upande wa Pest, ukae dirishani upande wa maji. Ni usafiri wa kawaida, tiketi yako ya saa 72 inatosha, na unapita mbele ya madaraja na ngome vikiwa vimewashwa taa. Desemba huwa kuna tramu zilizofunikwa taa mwili mzima, watoto hupagawa.

Teremka karibu na Bunge, jengo lililosanifiwa na Imre Steindl, lenye kuba la mita 96. Urefu huo ni sawa na wa Kanisa la Mtakatifu Stefano, na namba yenyewe ni kumbukumbu ya mwaka 896, unaohesabiwa kuwa mwaka wa Wamagyari, yaani Wahungaria, kuingia nchi hiyo. Kisha tembea kusini kidogo kando ya maji hadi utakapokuta viatu vya chuma, jozi 60, vimepangwa ukingoni. Viliwekwa mwaka 2005 kuwakumbuka watu, wengi wao Wayahudi, waliopigwa risasi hapo na wanamgambo wa Msalaba wa Mishale, chama cha kifashisti cha Hungaria, majira ya baridi ya 1944 na 1945. Waliamriwa kuvua viatu kwanza. Usikae juu yake, usivivae kwa ajili ya picha. Simama tu.

Usiku mwingine uwe wa Opera kwenye barabara ya Andrássy, jengo la mwaka 1884 lililosanifiwa na Miklós Ybl. Viti vya juu kabisa ni nafuu sana ukilinganisha na miji mingine ya Ulaya. Nunua mapema mtandaoni.

Hatua ya 9: Siku ya tatu, bustani ya mji

Ifikie kwa treni ya njia namba 1, iliyoanza kazi mwaka 1896, ya kwanza ya chini ya ardhi katika Ulaya bara, ukiiacha ya London. Vituo vyake vidogo vya vigae vyeupe na nguzo za chuma ni kivutio tosha. Teremka Hősök tere. Mbele yako kuna uwanja wa barafu wa kuteleza, wenye historia tangu 1870, na nyuma yake ngome ya Vajdahunyad. Viatu hukodishwa hapo hapo. Asiyewahi kuteleza akae pembeni mwa reli, atajifunza.

Humo bustanini pia kuna Makumbusho ya Etnografia, yaliyohamia jengo jipya mwaka 2022. Sisi tuna sababu ya pekee ya kuyatembelea. Mhungaria Sámuel Teleki alitoka pwani yetu mwaka 1887 na msafara wa mamia ya wapagazi walioajiriwa Zanzibar na pwani, akiwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani aliyezijua njia za bara. Machi 1888 walifika ziwa ambalo Teleki alilipa jina la mwanamfalme Rudolf, ingawa wakazi wake walikuwa na majina yao. Leo ni Turkana. Vitu alivyokusanya vimo katika hazina ya makumbusho haya. Siyo vyote huoneshwa, lakini waulize wahudumu kuhusu Afrika Mashariki, watakuelekeza.

Széchenyi iko hatua chache kutoka hapo, basi malizia jioni majini.

Hatua ya 10: Kabla ya kuondoka

Forinti zitakusumbua kuzibadilisha Dar au Nairobi, kwa hiyo zimalize. Nenda Soko Kuu la Fővám tér, lililofunguliwa 1897, ukanunue paprika ya unga. *Édes* ni tamu isiyowasha, *csípős* ni kali. Chukua ya mfuko uliofungwa vizuri kiwandani badala ya ile ya kitambaa chenye mapambo, ambayo mara nyingi imekaa kwenye mwanga muda mrefu na kupoteza harufu. Acha kando fedha za basi la 100E, na nguo ya kuogelea iliyoloa uiweke kwenye begi la mizigo, ndani ya ule mfuko wa plastiki.